Nyundo Kumi na Sita za Shemeji

Fundi Sikio, kabla hajagusa mashine ya mtu, kwanza aliwafukuza watu chumbani. Mwenye mashine atoke, wanawe watoke, hata kuku kama yumo atoke. Halafu anafunga mlango, anabaki peke yake na chuma chake. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hivyo, na aliyethubutu kumuuliza sababu alijibiwa, "Wewe daktari wako anakupasua sokoni?" Watu wakacheka, wakakaa nje na mahindi yao wakangoja. Akifungua mlango, mashine inaimba.

Hilo jina la Sikio hakupewa na mama yake. Walimpa wenye mashine, maana alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye chuma kinachozunguka, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha anakwambia beringi hii ina mwezi mmoja, ile haifiki Ijumaa. Na kweli haifiki. Kampuni iliyomwajiri iliuza mashine za kusaga na kuzitunza, na yeye ndiye aliyezizungukia kwa pikipiki ya kampuni, mashine kumi na moja, kila moja na mji wake. Alijivuna, na hapo sitamlaumu. Mwenye kujua kazi ana haki ya kutembea kifua mbele. Kosa lake lilikuwa jingine, nalo litajitokeza lenyewe.

Ikaingia homa. Ilianzia mbali, watu wakasema hiyo ni ya wenyewe, mara ikawa ya jirani, mara ikawa yetu. Asubuhi moja Fundi Sikio akafika karakana na mkoba wake wa safari begani, akakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Hakuna mfanyakazi kusafiri kwa kazi ya kampuni mpaka itakapotangazwa tena. Atakayesafiri kwa kujiamulia atakaa kwake siku kumi na nne, na akirudi aripoti ofisini kwanza, akaulizwe kama kazi bado anaitaka. Akaenda kwenye msumari wa kutundikia ufunguo wa pikipiki. Msumari upo, ufunguo haupo.

Akamfuata bosi. Bosi wao alikuwa mwanamke kijana, mdogo kuliko binti yake wa kwanza, na hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya kwanza.

"Bosi, ufunguo umekwenda wapi?"

"Uko kwenye droo yangu, Fundi. Na droo nimeifunga."

"Kesho ni zamu ya mashine ya shemeji yangu. Nyundo zake za kusagia zimekwisha, nilizisikia mwenyewe safari iliyopita."

"Najua. Huendi."

"Mimi siumwi."

"Sijasema unaumwa." Akamsogezea kiti, mzee akagoma kukaa. "Fundi, nakuheshimu kama baba yangu, kwa hiyo sikuzungushi. Kwa mwezi unaingia mashine kumi na moja, na kila mashine ina foleni. Ukiokota homa kwenye ya kwanza, mpaka ufike ya mwisho umeshaisaga na kuwagawia watu wote kama unga. Sikuogopi wewe. Naogopa njia yako."

Mwanamume akishindwa kwa maneno hununa. Akanuna siku mbili.

Siku ya tatu shemeji akapiga simu. Huyu alikuwa mjane wa kaka yake. Kaka alipofariki aliacha mashine na watoto wanne, mwanamke akaishika mashine kwa mikono miwili na watoto akawalea kwa unga. Mdomo hakuazima kwa mtu.

"Shemeji, umekufa au umeoa? Nakungoja tangu juzi."

"Nimezuiwa. Kazini hawaruhusu safari."

"Haya, na mimi nyundo moja imekatika, imetoboa chekeche, unga unatoka na punje nzimanzima. Nimeizima. Sasa sikiliza, usinijibu haraka. Daraja limefungwa, na ng'ambo hii mashine ni yangu tu. Wamesimamisha mahema ya wagonjwa kwenye uwanja wa shule. Wameniletea magunia kumi na mbili ya mahindi, wanataka unga Jumamosi. Leo Alhamisi. Mgonjwa hatafuni punje, shemeji."

Fundi Sikio akaenda nyumbani moja kwa moja. Mkewe alitoka kuanika nguo, akamkuta anapanga spana kwenye mkoba.

"Wapi tena?"

"Kule mto unakotokea kuna kivuko cha miguu. Nikitoka sasa hivi, kesho mchana nimefika."

"Nenda," mkewe akasema. "Utafika, utamfukuza shemeji yako chumbani, utafunga mlango, utatengeneza. Utarudi huna kazi, nikupitishie chakula dirishani siku kumi na nne. Na miezi mitatu ikipita nyundo zitakwisha tena. Utavuka tena kwa miguu? Ungemwonyesha mtu mmoja tu miaka yote hiyo. Mficha uchi hazai, baba."

"Nikimwonyesha kila mtu, mimi nitakuwa nani?"

Basi hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na limetoka kinywani mwake mwenyewe, hakuna aliyemkamua. Mkewe akamtazama kama mtu anayetazama sufuria isiyotaka kuchemka.

"Utakuwa mume wangu. Haikutoshi?"

Fundi akatoa spana moja moja mkobani, akazirudisha kwenye boksi. Hakusema amekubali. Watu wa aina yake hawasemi.

Ijumaa asubuhi alisimama karakana, simu iko juu ya meza ya kazi, sauti imefunguliwa, shemeji yuko upande wa pili na mashine yake. Bosi alimruhusu simu ya ofisi, akaacha mlango wake wazi ili asikie. Safari iliyopita Fundi alikuwa ameacha kwa shemeji boksi la nyundo mpya kumi na sita pamoja na chekeche jipya. Hizo nyundo si za kupigilia misumari. Ni vipande bapa vya chuma, vimetobolewa juu, vinaning'inia ndani ya mashine kwenye pini nne, nyundo nne kila pini, na mashine ikizunguka ndizo zinazopasua mahindi.

"Mkanda umeutoa?"

"Uko sakafuni, umelala kama nyoka."

"Usitie mkono ndani kabla hujautoa."

"Shemeji, nimesema uko sakafuni. Nikate simu nikuletee picha yake?"

Wakaenda hivyo. Fungua kifuniko. Legeza nati, siyo hiyo, ya kushoto. Vuta pini. Toa nyundo za zamani, angalia zilivyokaa. Mwanamke alivuta, akakohoa vumbi, akaimba kidogo, akauliza, akaulizwa. Fundi alipoanza kufoka kwa sababu ya washa moja, ile pete ya chuma ya kukaa chini ya nati, iliyoanguka, alijibiwa palepale.

"Ukinipigia kelele nakata. Halafu utengeneze mashine kwa upepo."

Akashusha sauti. Saa nne nyundo zote kumi na sita zilikuwa zimeingia, chekeche limekaa, mkanda umerudi. Akamwambia washa. Shemeji akawasha.

Kilichosikika karakana kilimsimamisha hata bosi. Mashine iliruka, ikagonga, ikatetemeka kama mwenye homa yenyewe, mabati ya kibanda yakaitikia. Shemeji akazima upesi. Kwenye simu zikabaki pumzi zake tu.

"Umekosea mahali," Fundi akasema. Aliona magunia kumi na mbili, aliona mahema.

"Pini ngapi?" akamuuliza.

"Nne."

"Nyundo?"

"Nne kila pini. Nati nimekaza, ile pini ndogo ya kuzuia nimeikunja. Shemeji, nimefanya kila neno ulilosema, hakuna nililolitupa. Basi kuna neno hujalisema."

"Hakuna."

"Lipo. Wewe ukijifungia humu ndani, kabla hujazitundika hizi nyundo, mikono yako hufanya nini?"

Fundi akatafuta kichwani mwake. Hajui. Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kusimama nyuma yake akamwambia unafanya hivi. Ukiwafukuza watu wote, na wewe mwenyewe hujioni.

Akavuta boksi la nyundo lililokuwa rafuni, akazimwaga mezani. Akafumba macho, akaiacha mikono iende inakojua. Bosi akasogea, akasimama na barakoa yake mlangoni. Mkono wa kulia ukaokota nyundo, ukairusharusha kidogo kiganjani. Wa kushoto ukaokota nyingine, ukairusharusha. Ukaiweka pembeni, ukaokota nyingine tena. Mara hizo mbili zikalala pamoja mezani, ubavu kwa ubavu, na mikono ikarudi kwenye rundo kutafuta nyingine. Mwenyewe siku zote alidhani anachezea tu, kama mtu anayevunja vidole kabla ya kazi.

"Ninazipima," akasema polepole. "Shemeji, ninazipima. Kwa macho ni moja, kwa uzito ni mbalimbali. Nzito lazima itazamane na nzito mwenzake kwenye pini ya upande wa pili. La sivyo mashine inavutwa upande mmoja, ndiyo hiyo inaruka."

"Unazipima kwa mzani gani?"

"Kwa kiganja."

"Kiganja changu kinajua kupima makofi tu. Na mzani nilionao ni wa magunia, hii hata hauioni. Usikate."

Fundi alisikia viatu vyake vikienda, kitu kikakokotwa, kitu kikaanguka, mwanamke akajicheka. Akarudi anahema.

"Nimechukua mpini wa ufagio, nimeufunga kamba katikati, nimeuning'iniza kwenye boriti. Nyundo huku, nyundo kule. Ukilala sawa, hao ni mke na mume. Ukiinama, bado wachumba."

Bosi akageukia ukutani acheke. Fundi Sikio hakucheka kwanza. Alikuwa anauona ule mpini kichwani mwake, anautafutia kasoro, haipati. Kiganja chake kikichoka kinadanganya, hilo alilijua ingawa hakuwahi kulikiri. Mpini wa ufagio hauchoki.

"Endelea," akasema. "Wafungishe ndoa."

Ndoa saba zilifungwa kabla ya saa sita. Ya nane ikakataa, moja inamzidi mwenzake, na nyingine hakuna. Akamwambia achukue tupa aikwangue ile nzito kwenye kingo, kidogo kidogo, aipeleke kwenye mpini, aikwangue tena. Mwanamke akakwangua mpaka mkono ukamfa ganzi, akitukana kiwanda kilichoitengeneza na ukoo wa mwenye kiwanda. Mwisho mpini ukalala.

Akaziingiza upya, kila moja ikitazamana na mwenzake. Akawasha.

Kwenye simu hapakusikika kitu cha maana, kelele tu kama mvua juu ya bati. Fundi akainama mpaka sikio likagusa simu, hakuambulia chochote. Sikio alilopewa jina lake lilikuwa ng'ambo ya mto.

"Shika bisibisi," akamwambia kwa nguvu. "Ncha kwenye chuma karibu na beringi, mbali na mkanda. Mpini sikioni. Unasikia nini?"

Akaenda, akasikiliza, akarudi kwenye simu.

"Nyuki," shemeji akasema.

"Wengi wanagombana, au mmoja?"

"Mmoja. Ametulia. Yuko kwenye shughuli zake."

Fundi Sikio akavuta kutoka ofisi ya bosi kile kiti alichokigomea siku ile, akakaa. "Tia mahindi," akasema.

Akatia. Akachota unga, akausugua kati ya vidole, akasema ni laini, ungeweza kupaka usoni ukaenda harusini. Mpaka jioni magunia manane yalikuwa yamesagwa, na Jumamosi asubuhi manne yaliyobaki, gari la mahema likaja likachukua. Nyuma yake watu wa mtaani wakapanga foleni na vikapu vyao, wameachana hatua mbilimbili kama walivyoambiwa.

Jumatatu bosi alikuja na daftari, akakaa upande wa pili wa meza.

"Zimebaki mashine kumi, Fundi. Karatasi bado iko mlangoni, na sidhani itatoka mwezi huu. Nieleze kazi yote tangu mwanzo, niandike. Mwandiko wako nimeuona, kuku anaandika vizuri zaidi."

Zamani angenuna. Akaanza na mkanda kutoka, akaja kwenye nati, pini, washa, bosi anaandika. Alipofika kwenye kuzipima nyundo akasimama, akaangalia viganja vyake.

"Hapo mpigie shemeji," akasema. "Hilo analieleza kuliko mimi."

Bosi akapiga. Shemeji akapokea huku mashine inanguruma nyuma yake.

"Nina foleni mpaka barabarani," akasema. "Mwambieni shemeji awe mpole, nitamfundisha baadaye."