Baiskeli ya Kushukia Mlima

Mume wangu alirudishwa kutoka msituni akiwa amefungwa juu ya baiskeli ya mtu mwingine. Wabeba makala wenzake, yaani wabeba mkaa, waliisukuma kwa zamu hadi barabarani, wakampandisha kwenye lori la mahindi lililokuwa likitoka Lubudi, na lori likamleta Kolwezi akiwa ameshakata roho. Baiskeli yake mwenyewe, ile nyeusi nzito yenye breki za vyuma, waliileta kesho yake, uma wa mbele umepinda kama pembe ya mbuzi. Waliiegemeza ukutani pale wanawake walipokuwa wameketi kilioni, na hakuna aliyewaambia waitoe.

Kabla ya kubeba makala alikuwa mchimbaji. Alichimba madini mtaa wa Kasulo wakati watu walikuwa wanachimba hata chini ya vitanda vyao, na alitoka huko siku alipomsaidia jirani kumfukua mwanawe. Hakurudi tena shimoni. Alinunua ile baiskeli, au kinga kama tunavyoiita huku kwetu, akaanza kwenda kwenye matanuru ya makala juu ya milima.

"Mi nilikimbia shimo," aliniambia. "Mu pori udongo hauanguke juu ya muntu."

Kilio kilipokwisha, ndugu zake waligawana vitu. Kitanda kilikwenda, redio ikaenda, koti lake la mvua likaenda. Baiskeli ilipewa mdogo wake. Nilibaki na watoto, sufuria na godoro la sponji. Sikushangaa, kwa kuwa nilikuwa nimeona wajane wengine wakibaki na pungufu ya hapo.

Wateja wake ndio hawakuacha kuja. Asubuhi wanawake wa mtaa walibisha mlangoni, beseni mkononi, kisha wakakumbuka na kuomba radhi. Zamani nilikuwa nasukula mawe mtoni, naosha madini pamoja na wanawake wengine, mpaka mikono ikapasuka na mto wenyewe ukawekewa uzio na walinzi. Sokoni kila meza ilikuwa na nyanya. Nilizitazama zile beseni tupu zikirudi zilikotoka, na wazo likaanza kunisumbua.

Kwanza nilitaka kujua alivyokufa. Mmoja wa wale waliomleta alikubali kunipeleka. Njia inaanzia juu, kwenye matanuru, inashuka katikati ya miombo hadi kijito, kisha inapanda taratibu hadi barabarani. Mteremko wake ni mkali hata kwa mtu anayetembea mikono mitupu. Mizizi imekatiza njia kama ngazi, na mvua imechimba mfereji katikati. Kwenye kona moja yule mwenzake alisimama.

"Ni hapa, mama. Mvua ilikuwa inanyesha. Ringi zikilowa, zile freni za chuma hazikamate. Alitia muguu chini."

Ardhini bado palionekana mstari mrefu wa kisigino chake, mvua haijaufuta wote. Ulikwenda moja kwa moja pale njia ilipokata kushoto, ukaishia kwenye kisiki. Usukani ulikuwa umemwingia tumboni. Hakutoka damu nyingi, ndiyo maana walidhani atapona. Aliomba maji, wakampa, na alikuwa bado anaongea walipovuka kijito.

Nilishuka ile njia yote nikiiangalia kama mtu anayetafuta sindano. Barabarani nilikuwa nimeshaamua.

Mama yangu alikuwa ametutunzia mabati ya nyumba ambayo hatukuwahi kuijenga. Niliyauza, nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja nyuma ya soko. Ukoo wake ulitoka upande wa Kasongo, Waislamu, watu wa malori na bidhaa tangu babu zake. Baiskeli zake zilikuja kutoka Ulaya ndani ya kontena, pamoja na friji na magodoro yaliyotumika, naye alizitundika kwa gurudumu la mbele chini ya turubai.

"Mama, unatafutia nani?"

"Natafuta yangu, tata," nilimjibu kwa heshima.

"Ya kuenda nayo sokoni?"

"Ya kushuka na makala ku mulima."

Aliendelea kukaza nati aliyokuwa ameishika. Habari za mume wangu alikuwa nazo, kama mji mzima.

"Mulima ule ule?"

"Ule ule."

"Mama, biko bintu bingi bya kuuza."

"Biko bingi, tata, na batu bote banabiuza."

Hakubisha tena. Alinishushia ya kwanza, nyekundu, inang'aa, uma wake wa mbele una springi mbili nene, breki zake sahani za chuma katikati ya gurudumu. Alisema hiyo ndiyo Wazungu wanashukia milima ya kwao, na nilimwamini. Lakini Wazungu hawafungi gunia nyuma. Nilimwambia nataka kuijaribu na mzigo. Nyuma ya mtaa ule kuna kilima cha mawe na udongo ambao mgodi wa zamani uliutupa, kirefu kuliko nyumba zote, hakioti hata jani. Tulijaza gunia mchanga, tukalifunga kwenye karia, tukasukuma hadi juu, yeye na mimi, kofia yake imelowa jasho.

Nilipobana breki, zile springi zilizama. Pua ya baiskeli ikaenda chini, gunia likanisukuma mgongoni, gurudumu la nyuma likaacha ardhi. Nilianguka ubavu na kuchunika kiwiko.

"Freni yake ni kali sana," alisema akiniinua.

"Freni ni muzuri, tata. Ni kinga njo inapiga magoti," nilisema nikionyesha ule uma.

Ya pili ilikuwa nyepesi, ya aluminiamu, unaiinua kwa mkono mmoja. Ilishuka vizuri. Nilitaka kuipenda. Nikapitisha ukucha chini ya kiti, pale mabomba mawili yanapokutana, nikasikia mstari wa ufa chini ya rangi mpya.

"Ikipasuka, nani hapa Kolwezi anaweza kuichomea?"

"Aluminiamu? Hapa hakuna muntu," alisema, na mwenyewe akaifunika.

Ya tatu hakunionyesha. Niliiona kwenye kona, imelalia ukingo wa turubai ili upepo usilipeperushe. Ilikuwa ya kijani iliyochujuka, ya chuma, haina springi popote, kiti kimepasuka. Bomba lake la juu lilikuwa chini kiasi kwamba mwanamke mwenye kitenge anaweza kuruka akatua miguu miwili. Tairi zake zilikuwa pana zenye meno. Breki zilikuwa mbili, mbele na nyuma, za kuvutwa na waya, zenye vipande vya mpira ambavyo fundi yeyote anaweza kukata vingine kutoka tairi la lori. Mfanyabiashara alizungusha pedali, akatikisa kichwa. Gia zilikuwa zimekufa, imebaki ile ndogo tu ya kupandia.

"Njo ile ninahitaji," nilisema.

Tuliisukuma juu ya kilima na gunia lile lile. Nilishuka hadi katikati, mahali pakali kuliko pote, nikabana zote mbili. Baiskeli ikasimama. Mchanga ulitambaa kidogo chini ya tairi, ukatulia. Nilikuwa nimekaa juu ya mteremko, gunia zima nyuma yangu, na sikuwa nakwenda popote. Niliviangalia vile vipande vya mpira. Kila kimoja kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kilioni watu walisema machozi yangu ni machache. Pale juu yalikuja yote, nikashindwa hata kushuka kwenye kiti. Mfanyabiashara alisimama kando yangu akishikilia karia, uso ameugeuzia upande wa mji, mpaka nikamaliza.

Wanaume wa msituni hawakunicheka sana. Walikuwa wamechoka mno kucheka. Nilijifunza kufunga magunia chini na kukata tawi la kuburuta nyuma njia ikiwa na tope. Kabla ya kila mteremko nilitia mkono kwenye waya za breki. Kwenye ile kona sikuwahi kupanda, nilitembea nikiishikilia baiskeli, hata kiangazi. Kifua kilijaa vumbi jeusi, na usiku watoto walisema nanuka moto. Lakini walikula, na mkubwa akarudi shule.

Mwanzoni mwa mvua nilimkuta shemeji yangu kwenye matanuru. Alikuwa amekuja na ile nyeusi. Alikuwa kijana mwenye maneno machache, hajaoa, na kabla ya hapo alikuwa akipakia malori Fungurume mpaka kazi ikakatika. Uma ulikuwa umenyooshwa kwa nyundo; alama za nyundo zilionekana. Nilitafuta breki, sikuziona. Vile vyuma vilikuwa vimepinda vibaya, akaving'oa.

"Shemeji, freni iko wapi?"

Aliinua mguu, akanionyesha kandambili iliyokatwa kwenye tairi.

"Iko hii."

"Kaka yako naye alikuwa na ile."

Alikunja uso. Nilijua nimesema neno zito, lakini sikulirudisha. Nilimwomba aache gunia moja. Alikataa. Nilimwomba atembee nayo, asipande. Alisema atatembea. Nikakata tawi, nikamfungia nyuma mwenyewe, naye aliniacha nifunge, amesimama kama mtoto anayefungwa kamba za viatu.

Alitangulia. Manyunyu yalianza tukiwa kwenye miti minene. Mbele kidogo nililikuta lile tawi limetupwa kando ya njia, kamba imefunguliwa vizuri, haikukatika. Nilizishika breki tayari na kuongeza mwendo kwa miguu.

Hakufika hata kwenye kona ya kaka yake. Uma ulikatika pale ulipokuwa umenyooshwa, mahali pakavu chini ya miti, bila jiwe wala mzizi. Nilikuta makala yametawanyika njia nzima na yeye ameketi katikati yake, ameushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili. Mfupa ulikuwa umetoka nje. Alikuwa mweusi wote kwa makala isipokuwa pale.

"Shemeji, nisamehe," alisema.

"Nyamaza. Shika shingo yangu."

Nilifungua magunia yangu nikayaacha. Nilivunja vijiti, nikaufunga mguu kwa kitenge changu cha juu, nikampandisha kwenye karia na kumfunga kiunoni kwenye kiti. Alikuwa mzito kuliko makala, na mzigo unaotetemeka ni mgumu kuushusha. Nilitembea upande wa kushoto, mikono yote miwili kwenye breki, hatua moja, ninabana, hatua moja. Mpira ulinuka. Nilisikia waya wa nyuma ukilegea, nikamwomba Mungu ule wa mbele usilegee.

Tulipofika kwenye kona nilisimama kupumua. Aliangalia kile kisiki.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

Kijitoni na yeye aliomba maji, na niliogopa kumpa. Nikamlowesha midomo tu kwa ncha ya kitambaa.

Hospitalini walijaribu kuuokoa mguu, ukaoza, wakaukata juu ya goti. Mama mkwe wangu alifika kutoka kijijini na kikapu chake, akakaa chini kando ya kitanda. Nilimwamkia kwa kupiga magoti. Aliitikia. Alimlisha mwanawe uji, akamfuta mdomo, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Niambie, mama. Ni mulima moja, njia moja. Sababu gani weye unafika, na batoto bangu habafike?"

Ningeweza kumweleza habari za uma ulionyooshwa na breki zilizong'olewa. Shemeji alikuwa anatazama dari. Nilisema sijui, mama, nikachukua bakuli kwenda kuliosha.

Baadaye baadhi ya wanawake walianza kusema nilifanya dawa, kwamba kinga yangu inakula watu ili isinile mimi. Wateja wengine walihama. Mfanyabiashara wa baiskeli aliposikia, alituma mtu kununua makala ya akiba yangu, gunia zima, nalo likapakuliwa mbele ya mlango wake mchana, watu wote wakiona. Sikuwahi kuzungumza naye jambo hilo.

Shemeji alipoweza kutembea kwa magongo, mama yake aliamua kumrudisha kwao, upande wa Lubudi, ambako ana shamba la mihogo na mtu anaweza kupalilia akiwa ameketi. Nilikwenda kuwaaga pale malori yanapopakia. Mama mkwe alikaa mbele na dereva. Shemeji walimpandisha juu ya magunia ya saruji, nami nikampitishia magongo.

"Ile nyeusi iko bado mu pori," aliniambia. "Usiache muntu aikamate. Uivunje."

Nilimwahidi. Lori lilipoondoka, mama mkwe hakugeuka, nami sikutegemea ageuke.

Nilipanda tena mlimani, mara ya kwanza tangu ajali ya shemeji, asubuhi iliyofuata mvua ilipokatika. Baiskeli nyeusi sikuikuta. Palibaki makala yaliyosagika kwenye tope na kipande cha uma. Mtu ameichukua, na naamini ameshaitafutia uma mwingine mahali fulani. Kila ninapokutana na mbeba makala nisiyemfahamu, natazama kwanza baiskeli yake, halafu namsalimu.