Egemeo la Benchi la Mwende

Siku niliyoanza kazi kwenye karakana ya misheni, upande wa Kasikeu, walikuwepo Msimamizi wa misheni, ambaye alikuwa mzungu, Mzee Ndolo aliyekuwa Fundi Mkuu, mimi, na wadogo zangu Mwende na Kioko, waliokaa mlangoni kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la nne.

"Hii ni mikono ya kuchunga mbuzi," Mzee Ndolo alisema akinikagua. "Haya, shika randa. Mbuzi watakusahau."

Randa ni kifaa cha kulainisha ubao. Baada yake nilifunzwa patasi, kisha kiungo: unachonga ncha ya ubao iingie kwenye tundu la mguu wa benchi, ikae bila msumari. Mabenchi ya kanisa yalikuwa ya aina mbili. Ya mbele, ya wazungu, yalikuwa na egemeo la mgongo. Yetu ya nyuma hayakuwa nalo. Nilipouliza sababu, Mzee Ndolo hakuinua macho.

"Wanasema tukiegemea tutalala. Wewe piga randa."

Mwende alikuwa na mgongo mbaya tangu utotoni. Ibada ilichukua asubuhi nzima, naye alirudi nyumbani akitembea ameinama. Basi nilipokuwa fundi kamili nilimwomba Mzee Ndolo vipande vya mbao vilivyobaki, nikatia egemeo kwenye benchi moja la nyuma. Jumapili hiyo Mwende alisikiliza mahubiri mpaka mwisho akiwa ameinua kichwa.

Jumatatu Msimamizi aliniita kanisani. Mwende alikuwa akifagia.

"Fundi, nani alisema weka hii?"

"Ni la dada yangu, bwana. Mgongo wake unamsumbua."

"Ukiweka moja, kesho wote watataka. Kata."

Nilisimama na msumeno mkononi. Mwende aliniambia kwa Kikamba, kwa sauti ndogo, "Kaka, kata. Kioko atakula nini?"

Nilikata.

Baadaye nilitumwa Matiliku kupaua darasa, yaani kusimamisha mbao za paa, kisha Sultan Hamud. Uhuru ulikuja, mabenchi yakabaki yalivyo kwa miaka. Mchungaji wa kwanza Mwafrika aliponiagiza niyatie yote egemeo, Mwende alikuwa ameshazikwa. Sijawahi kufanya kazi polepole kama ile.

Miaka ya themanini kanisa liliandaa ibada ya upatanisho. Msimamizi alirudi kutoka kwao, mzee sasa, akitembea kwa mkongojo. Aliomba radhi mbele ya watu, na Mchungaji akajibu, "Tumesamehe yote." Watu wakapiga makofi.

Baada ya ibada alinitafuta.

"Fundi, dada yako yuko wapi? Nimekuja kwa yeye."

"Tulimzika, mzee."

"Basi wewe unaweza kunisamehe kwa niaba yake?"

"Kwa upande wangu nimekusamehe. Kwa upande wake sijui."

"Ukijua, niambie."

Nikamwahidi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kwaya huniuliza kama kweli tulipatana na wazungu. Nawaambia tulipatana, na ni kweli. Siku ile tulikula meza moja. Lakini nikipiga magoti kumwombea yule mzee, nafika kwenye jina la Mwende na maneno yananiishia. Sijui kama mzungu yule bado yu hai. Aliuliza kwa unyenyekevu, nami niliahidi jibu, na mpaka leo sijamlipa.