Nyama ya kwa Mturuki

Mturuki mwenyewe alikuwa Mmwera wa Ruponda. Alikwenda vitani na Keya, jeshi la Mwingereza, na huko Misri akajifunza kazi kwa Mturuki mmoja mwenye kibanda cha nyama. Aliporudi na ufundi ule, jina likamganda. Miaka ya mashamba ya karanga, Nachingwea ilipojaa madereva wa matrekta wenye mshahara na njaa, alijenga banda la mabati karibu na kambi yao. Nyama ya mbuzi aliipanga kwenye chuma kirefu kilichosimama wima kando ya moto wa mkaa, akawa anakizungusha taratibu na kukata kwa kisu ile iliyoiva, ikiangukia kwenye mkate mwembamba wa ngano. Juu yake kitunguu, pilipili na limau. Kilikuwa chakula kitamu kweli, nacho kilinitokea puani.

Mume wangu alikuwa mmoja wa madereva hao. Alinioa kwetu Ruangwa, na Jumamosi ya kwanza nilipofika Nachingwea akanipeleka kwa Mturuki. Nilivaa kanga ambayo haijaguswa na maji. Aliyetuletea chakula alikuwa binamu yake, binti wa mjomba wake, aliyekuwa akisukuma na kuchoma mikate pale. Na kwetu, binamu na binamu ni watani. Atakuita mume, atakunyang'anya tonge mkononi, na ukikasirika mkosaji ni wewe, utatozwa kuku.

"Mume wangu, ndiyo umeniletea mke mwenza?" alisema kwa sauti, banda zima likacheka. "Mbona mwembamba hivi! Huyu jembe ataliweza?"

Akachomoa kipande kinono kwenye mkate wangu, akakitafuna huku ananitazama. Kisha akauma mkate wa mume wangu, akamrudishia, naye akaendelea kula pale pale palipoumwa.

Nilicheka. Ningefanya nini? Lakini niliona wivu, na kila Jumamosi ukanirudia upya. Nilipomgusia mama mkwe, alinishangaa. "Kwani Ruangwa hamna watani, mwanangu?"

Tunao. Mimi mwenyewe niliwanyang'anya wana wa shangazi yangu mihogo wee, bila kuwaza lolote. Ila sikuwahi kumchagulia mtu kipande. Huyu alimchagulia. Mikate ya wengine ilijazwa nyama kama ilivyoanguka, wa mume wangu ulijazwa vile vya pembeni, vilivyokaushwa na moto. Mimi mke wa ndoa sikujua kama anavipenda. Nikaenda nyumbani, nikakausha nyama makusudi.

"Leo umeunguza," akasema.

Nilishindwa kuvumilia. "Mwambie binamu yako aache," nikamwambia. "Sitaki tena utani wake."

Nilitegemea atanicheka, au atanigombeza kwa kuharibu mila za watu. Hakufanya hata kimoja. Alisema tu, "Nitamwambia."

Jumamosi iliyofuata binamu alikuja na sahani zetu, akapiga goti.

"Shikamoo, kaka. Karibu, wifi."

Akaweka chakula, akarudi kwenye mikate yake. Hakuna aliyeitwa mume, na hakuna aliyenyang'anywa kitu. Wateja waliosubiri kicheko walituangalia, halafu wakaendelea na mazungumzo yao. Nilikuwa nimeshinda, nikauma mkate wangu kwa raha.

Mume wangu hakugusa wake. Aliinamia sahani mpaka mafuta ya mbuzi yakaganda. Kule motoni, yule binti alikuwa ametupa mgongo, anasukuma mkate uleule mmoja ambao ulikwisha kuwa mwembamba zamani.

"Huli?" nikamuuliza.

"Nimeshiba."

Alikuwa hajala tangu asubuhi. Nikausogeza mkate wake upande wangu, nikaufunua. Vipande vya pembeni vilikuwamo, vyote, vimekauka vizuri.