Dokta wa Panya na Kichwa cha Shangazi

“Saratani ninaijua kwa sura! Mwenye uvimbe asihangaike, aje kwangu. Ukoo huu una daktari wake!”

Hayo aliyasema kwenye harusi ya binamu yake, baada ya kumpokonya mshereheshaji maiki, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Tangu siku hiyo jina lake likawa Dokta, hata kwa watoto aliowahi kuwafuta kamasi.

Kazi yake halisi ilikuwa kuosha vizimba vya panya kwenye taasisi ya utafiti. Anamwaga maranda yaliyolowa mkojo, anatandaza mapya, anajaza chupa za maji, jioni anarudi nyumbani akinuka kama dari la nyumba kuukuu. Panya wenyewe, tuseme kweli, hawakuwa wa mtaani. Watafiti walibadilisha jeni moja katika ukoo wao, wakawa wanazaliwa na kasoro inayofanya kuta za ndani za mishipa ya damu ziote ovyo mpaka ziwe saratani. Ni ugonjwa adimu kwa binadamu. Wagonjwa ni wachache mno kuwafanyia utafiti, ndipo panya wakabebeshwa mzigo. Dawa haikuwepo pale. Yalikuwepo maswali, na mavi ya panya.

Sheria moja ya kazini hakuwahi kuivunja. Akiona panya mwenye uvimbe, au doa la zambarau chini ya ngozi, anabandika kadi nyekundu kwenye kizimba na kumwita mtafiti siku hiyohiyo. Hata awe na njaa. Hata iwe siku ya mechi.

Jumapili moja akaja shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Akafungua kitambaa cha kichwani.

“Mwanangu, hebu nitazame hapa. Nilidhani nimejigonga, lakini jeraha gani hili, haliumi wala haliponi?”

Nywele zinapoanzia palikuwa na doa la zambarau, kingo zake zimesambaa kama wino ulioingia maji. Dokta akainama atazame. Rangi ile aliijua.

“Au niende hospitali?” Shangazi akauliza.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, akaangua kicheko kochini. “Hospitali ya nini, Shangazi, na bingwa huyu hapa kavaa kaptula?”

Angeweza kusema palepale. Neno lilifika kooni, likakutana na lile la harusini, likarudi chini. Akakohoa kitaalamu.

“Subiri kwanza, Shangazi. Nizungumze na wenzangu.”

Hakuzungumza na mtu. Angeanzia wapi? Kumuuliza mtafiti ni kumweleza kwa nini mtu na akili zake anapeleka kichwa kwa mwosha vizimba. Wiki zikapita. Shangazi akawa anapiga simu.

“Wenzako wamesemaje, baba?”

“Bado wanapima, Shangazi.”

“Wanapima nini, na kichwa ninacho mimi huku?”

Akacheka mwenyewe, na Dokta akacheka naye, simu imelowa jasho shavuni. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Yeye hakucheka.

“Mwambie ukweli.”

“Nitamwambia.”

“Lini? Ukishika koleo makaburini?”

Dokta akachukua taulo akaenda kuoga, na alikuwa ameshaoga.

Shangazi alipochoka kusubiri, alijipeleka mwenyewe mpaka getini pa taasisi, akaulizia Dokta.

“Dokta yupi, mama? Wako wengi,” mlinzi akasema.

“Wa saratani. Mrefu, ana mwanya.”

Mlinzi akakuna kidevu. “Aaa! Yule wa maranda!”

Akaitwa. Akatokea na ovaroli, brashi mkononi, na bahati mbaya mtafiti mkuu, mama mmoja mpole, alikuwa anatoka. Shangazi hakuiona brashi. Alimwona mwanawe, akamgeukia yule mama kwa fahari.

“Wewe ndiye mwenzake? Ahsanteni sana kwa kunipimia.”

Akafungua kitambaa. Doa lilikuwa limeinuka, linavuja damu pembeni.

“Mama, hili lina muda gani?” mtafiti akauliza.

“Tangu kwenye ile harusi. Lakini Dokta wenu alisema nisubiri.”

Mtafiti hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. “Mimi nafanyia utafiti panya, mama, siwezi kukwambia hiki ni nini. Nenda hospitali sasa hivi.” Kisha akamgeukia mwosha vizimba. “Panya akiwa na doa kama hili, unafanya nini?”

“Naweka kadi nyekundu.”

“Lini?”

Alitazama mabuti yake. “Siku hiyohiyo.”

Dokta alimpeleka Shangazi yeye mwenyewe, na ovaroli yake mwilini. Daktari, wa kweli huyu, alilitazama doa, akapapasa shingo, akakata kipande kidogo cha kupeleka maabara. Hakusubiri majibu ili aseme alichokiona.

“Lingekuwa doa tu, ningelikata lote. Sasa kuna tezi zimevimba mpaka shingoni. Kwa nini mmechelewa hivi?”

Dokta akafungua mdomo. Shangazi akamtangulia.

“Usimgombeze, daktari. Ni mimi mvivu wa kutembea.”

Akamshika mkono ule unaonuka maranda, akaubana kwa nguvu, bila kumtazama usoni.

Pale hospitali, kumwona daktari ni shilingi elfu tano tu, na hata ile Jumapili ilikuwa hiyohiyo elfu tano.