Sufuria Aliyodai Kuitengeneza

Saa moja asubuhi, Pyo Geum-ok anaacha simu yake kwa askari wa getini, anavaa koti jeupe na kuketi mbele ya hadubini. Kazi yake ni kulehemu nyaya nyembamba kama unywele ndani ya vichwa vya makombora. Ana miaka thelathini na mitatu katika kiwanda hiki cha silaha mjini Changwon, Korea Kusini, na mkono wake hautetemeki.

Unaotetemeka ni moyo, kila Jumapili, anapompigia simu mama yake kijijini Hadong.

Geum-ok, ambaye tumembadilisha jina ili majirani wasimfikishie mama habari, aliapishwa siku ya kwanza kazini asiseme wanatengeneza nini. Mama alipouliza, alijibu lililomjia mdomoni: sufuria za umeme za kupikia wali.

"Basi niletee moja uliyoitengeneza wewe," mama akasema.

Akaenda dukani, akatoa karibu nusu ya mshahara wa mwezi, akanunua. Mama akaitembeza kijiji kizima. Tangu hapo, anayeonja wali wake lazima asikie sifa za binti.

"Uongo wenyewe ulikuwa mdogo," anasema Geum-ok, 57. "Mama ndiye aliyeulea, ukakua."

Siku hizi siri hiyo imekwisha. Kampuni inayatangaza makombora yake kwenye televisheni. Mwaka jana, kwenye sikukuu ya mavuno, Geum-ok alikuwa amejipanga kumwambia mama ukweli, na tangazo lenyewe likatokea wakiwa wanamenya matunda. Mama yake, ambaye kaka yake aliuawa na bomu wakati wa Vita vya Korea, akageuza uso.

"Hao wanaoyatengeneza nao wana mama zao, sijui wanawaambia nini," akasema. "Afadhali wewe mwanangu, unalisha watu."

Geum-ok akaendelea kumenya.

"Najuta sikusema zamani," anasema. "Wakati ule angenigombeza, yakaisha. Sasa ana miaka 83. Nitaanzia wapi?"

Mwezi uliopita sufuria iliharibika. Mama amekataa kununuliwa nyingine.

"Ya nini, na fundi ninaye?" alimwambia kwa simu. "Njoo uitengeneze. Au umeshakuwa bosi, hushiki tena kazi?"

Fundi mwenyewe hajawahi kufungua hata moja. Maeng Jong-rye, mwenzake wa meza ya pili kiwandani, haachi kumtania: "Kombora unaliweza, dada, sufuria ndiyo inakutoa jasho?"

Geum-ok anastaafu Desemba. Kila Jumamosi anakwenda kwa fundi wa mtaani kwao kujifunza kutengeneza sufuria za wali. Kuhusu ule ukweli wa makombora, bado hajapata ujasiri.

"Nataka niifungue mbele yake, niitengeneze kwa mikono hii," anasema. "Angalau neno moja nililomwambia mama liwe kweli, yeye akiwa hai."