Shikamoo, Mzee wa Ndagoni

Siku hizi nikitaja redio ya upepo, vijana wa hapa Kilindoni huniuliza ni stesheni gani na inapiga muziki wa namna gani. Nikiwaeleza kwamba ni ile ya kubonyeza kitufe ukasema, ukaachia ukasikia, na kwamba jioni tulikuwa tukiikalia kama wengine wanavyokalia bao, wananitazama kwa huruma. "Sasa si mngepigiana simu, mama?" Jamani! Simu ya wapi? Wanadhani minara iliota pamoja na minazi. Kisha huniuliza kama mchezo huo wa redio bado upo au umekufa, hapo ndipo damu hunichemka kidogo. Acha nieleze.

Nililetwa Mafia kuwa muuguzi, hifadhi ya bahari ikiwa bado changa na watu wakiibishania kila mahali, hata kwenye foleni ya chanjo. Mimi ni mtu wa Njombe, wa baridi na viazi. Zahanati yetu ilikuwa Miburani, na ndani yake kulikuwa na redio ya upepo ya kuitia gari la wagonjwa. Kazi ikiisha, mganga wa zahanati aliifunika kitambaa akaenda zake nyumbani, nami nikabaki na upweke wangu na mbu.

Jioni moja nikasikia mtu anacheka chini ya kitambaa. Nikafunua. Bibi mmoja alikuwa anasimulia jinsi kuku wake alivyotaga kwenye kofia ya shemeji yake, na mwanamume mmoja anamsihi aachie kitufe ili na wenzake wapate kucheka. Nikabonyeza, nikacheka mimi.

"Nani huyo anayeingia bila hodi?" bibi akauliza.

"Hodi, bibi. Ni muuguzi wa Miburani."

"Karibu. Haya, tusalimie kwanza, usilete mambo ya bara hapa. Ova."

Basi nikawa nimeingia barazani. Majina hatukutumia, mtu aliitwa kwa mahali pake. Huyu bibi alikuwa bibi wa Kiegeani, mjane, mwenye redio aliyoachiwa na mwanawe aliyefanya kazi kwenye meli za kuvua kamba. Mwanamume aliyemsihi alikuwa mzee wa duka wa Kilindoni, aliyeinunua yake ili ajue mzigo wake umefika wapi, ikaishia kuwa ya soga. Na wa tatu alikuwa mzee wa Ndagoni, fundi, ambaye kwa kweli ndiye aliyezifufua redio zote hizo kutoka kwenye vumbi. Mimi binti wa Miburani nikawa wa nne. Mganga nilimwomba ruhusa, akasema bonyeza tu, mradi mgonjwa akija utoke hewani.

Sheria ya baraza ilikuwa salamu. Mnaijua salamu ya pwani: mnaongea wote kwa pamoja, wewe unauliza hali ya nyumbani mwenzio anajibu huku anauliza ya kwako, mnamaliza mkiwa mmeshapishana njiani. Redio haitaki hivyo. Anasema mmoja, wengine wanangoja mpaka aseme "ova", yaani amemaliza. Na bibi wa Kiegeani hakukubali salamu ipunguzwe hata neno. Mdogo ndiye anaanza, na mdogo nilikuwa mimi: shikamoo kwa bibi, marahaba; umeshindaje, salama; kuku je, hawajambo. Kisha kwa mzee wa duka. Kisha kwa mzee wa Ndagoni. Kisha wao kwa wao. Tukimaliza, betri iko hoi na hatujaambiana lolote. Na sijapata kuona starehe kama ile! Nilikuwa nikitoka wodini na miguu imevimba, nikiulizwa hali yangu na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, wakinyamaza kabisa kunisikiliza. Nani anakusikiliza hivyo siku hizi?

Mzee wa Ndagoni alikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza, inayotoka taratibu. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa heshima zote. Redio ikakoroma kidogo, akawa kama anataka kusema jambo, bibi akaingia na habari za kuku. Siku iliyofuata nikamwamkia tena. "Marahaba," akajibu kwa unyonge, nami nikajiambia maskini, mzee wa watu anaumwa kifua. Nikamfundisha hewani namna ya kujifukiza kwa majani ya mkaratusi. Akashukuru sana. Kila jioni nikawa namwuliza kifua, mgongo, na kama anapata mtu wa kumchotea maji. Bibi wa Kiegeani akawa anasisitiza: "Binti, mwamkie vizuri mzee wa Ndagoni, ujana wake ameumaliza kwenye ufundi." Halafu anakohoa.

Basi. Siku moja akaja zahanati kijana mmoja, kiganja kimechanwa na bati. Mrefu, bega hili, jicho hili. Nikamwuliza imekuwaje, kimya. Nikamwuliza anatoka wapi, akaangalia dari. Nikapaza sauti, labda hasikii vizuri, akatabasamu. Jina lake nililikuta kwenye karatasi aliyopewa mlangoni, wala halikuniambia kitu. Lo, maskini, nikawaza, bubu! Nikaanza kumweleza kwa vitendo. Nikamwigizia sindano. Nikamwigizia kumeza vidonge asubuhi na jioni. Nikamwigizia kulala, kichwa juu ya viganja, na macho nikafumba. Nikamwigizia kuogelea, kisha nikatikisa kidole kwa ukali: baharini usiende! Mabega yake yakawa yanatetemeka, nikadhani ni maumivu, nikampuliza kidonda kama mtoto. Mganga alipita mlangoni, akasimama, akaniuliza kama niko salama.

Jioni yake baraza nzima niliipa habari hiyo. Mdomo ninao, sikatai. Nikawaambia kisiwa hiki kina kijana mzuri hivi na hivi, na ulimi amenyimwa. "Haki ya Mungu," nikasema, "yule angekuwa anaongea, ningetafuta shamba hapahapa nikapanda viazi, Njombe wasinione tena. Ova."

Bibi wa Kiegeani alicheka mpaka akasahau kuachia kitufe, tukamsikiliza tu akicheka na kupiga paja. Alipoachia, mzee wa duka akauliza kwa upole, "Na mzee wa Ndagoni, ushauri wako?"

Ile sauti nzito ikaja: "Mwacheni kijana apone kwanza. Ova."

Nyuzi nilizomshona hakuja kutolewa kwangu. Alikwenda kwingine, nikanuna siku kadhaa.

Mnara wa simu ukaja. Ulisimamishwa Kilindoni, watu wakaenda kuutazama kama harusi. Wa kwanza kuondoka barazani alikuwa mzee wa duka, wala hakugombana na mtu. Alinunua simu, akaivalisha soksi, akawa anatoka nje ya duka mara kwa mara na kuinyanyua juu kutafuta mtandao. "Nitakuja, nitakuja," akisema, asije. Bibi naye mwanawe alimletea simu, akaichukia. "Inanipa mtu mmoja mmoja," akalalamika. "Tena mnanong'ona. Mimi nataka tusikie wote." Tukabaki watatu, kisha jioni nyingine wawili, mimi na mzee wa Ndagoni. Sisi wawili tulisalimiana haraka tukabaki hatuna la kusema, naye alikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Nilihuzunika, nisidanganye. Wodi, joto, mbu, hivyo vyote nilivivumilia kwa sababu ya jioni. Ilipotoka amri kwamba zahanati sasa ina simu na redio ing'olewe irudishwe stoo, nikaona sababu yangu pekee ya kukaa Mafia inatiwa kwenye boksi. Nikaomba uhamisho wa kurudi Njombe. Ukakubaliwa upesi, na mimi nikakasirika kwamba umekubaliwa upesi.

Tukapanga baraza ya mwisho, jioni ya kuamkia siku ya boti yangu ya kuvukia bara, Nyamisati. Wote walikuja, hata mzee wa duka, aliyeipangusa redio yake vumbi huku tukisikia kitambaa kinakwaruza. Mdogo ndiye anaanza. Nikampa bibi shikamoo, akaitika kwa sauti ya kilio. Nikamwamkia mzee wa duka, marahaba. Kisha nikasema, "Shikamoo, mzee wa Ndagoni. Ova."

Nikadhani betri imekufa. Nikarudia.

"Binti wa Miburani," akasema, "hiyo siipokei. Zote ulizonipa zilikuwa si zangu. Mimi si mzee. Siku ya kwanza nilitaka kukwambia, bibi akaingia na kuku wake. Siku ya pili nikaona haya. Baadaye ulikuwa unaniuliza mgongo kwa huruma mpaka nikaogopa kukupoteza. Nilikuja zahanati na mkono umechanika kweli, nikajua nikifungua mdomo tu umenijua. Mimi ndiye uliyenishona." Akaachia kitufe, akabonyeza tena. "Ukiondoka, sina mtu wa kusema naye. Hapo nitakuwa bubu wa kweli. Ova."

Zile ishara zote! Kulala! Kuogelea! Toba, niliona joto mpaka masikioni.

"Bibi," nikasema nilipopata pumzi, "ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, si ndiye aliyenitengenezea redio? Kwangu amekula pweza sahani mbili."

"Na wewe, mzee wa duka?"

"Nyaya ananunulia kwangu," akajibu, na kicheko kimemkaba.

Yaani kisiwa kizima! Walikuwa wananikalisha kila jioni nimwamkie kijana mwenzangu, wao wanajifinya! Nikabonyeza kitufe nusura nikivunje. "Wewe wa Ndagoni! Kesho asubuhi nakuja huko huko, kabla ya boti, nikwambie usoni mtu wa namna gani anapokea shikamoo zisizo zake! Ova!"

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nalia, halafu nakumbuka alivyotikisika mabega nikimpuliza kidonda, nacheka peke yangu kama mwehu.

Asubuhi nikapakia begi langu kwenye pikipiki ya kukodi, ili nikishamaliza kumtukana nigeuze moja kwa moja mpaka bandarini. Njia ni mchanga mtupu, tulianguka mara moja, nikazidi kupandwa na hasira. Tulipofika Kiegeani, mwanamke mwembamba wa kanga mbili alikuwa amesimama kando ya njia, anapunga mkono. Sikuwa nimemwona hata siku moja, lakini alipofungua kinywa nilimjua. "Pita, pita, usisimame! Chai utakunywa ukirudi!"

Ndagoni nilimkuta mbele ya karakana yake, kwenye mashine ya boti iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi na kovu langu kiganjani. Akasimama. Mimi maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Miburani, makali, yenye mpangilio, lipi litangulie na lipi lifuate.

"Karibu," akasema.

Sauti ile, ya jioni zangu zote, ikitoka kwenye uso ule. Nilitafuta tusi hata moja, sikulipata. Akafuta kiti kwa shati lake, nikakaa, na machozi yakanitoka hadharani bila haya, nami huku nacheka.

Mwenye pikipiki akapiga honi. "Dada, boti itatuacha. Begi je?"

Nikamwambia akalishushe kwa bibi, Kiegeani.