Sauti ya Baba Kwenye Programu

Programu yetu iliongea na wakulima wa kahawa kwa Kihaya: lini wachume, waanike vipi. Sauti iliyoongea ilikuwa ya baba yangu. Mimi na rafiki yangu tulimrekodi kibanjani, kwenye shamba letu la Muleba, akikohoa kila baada ya maneno machache, na tulicheka naye sana.

Kazi tuliihifadhi mtandaoni. Kila mmoja alikuwa na nakala kwenye laptopu yake, mimi mjini mtaa wa Nshambya, yeye mtaa wa Bakoba, na kabla ya kuanza unavuta kwanza mabadiliko ya mwenzako ili msigongane.

Kisha baba akafariki. Kwetu, maiti ikiwa nyumbani, hakuna anayeshika jembe, awe ndugu au jirani. Rafiki yangu alikuja, akaketi nami kwenye nyasi.

"Pole, waitu, ndugu yangu," aliniambia. "Na sisi jembe letu chini. Sitagusa kitu mpaka umalize msiba."

Nililia kwa kuona nina ndugu. Kumbe nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Niliporudi Nshambya nikanunua bando, nikavuta kama kawaida yangu. Faili za sauti zikafutika, zikaingia nyingine. Nikabonyeza moja. Aliyekuwa anaongea ni rafiki yangu, kwa sauti laini kama ya mtangazaji. Kila badiliko hubeba tarehe yake, na haya aliyafanya siku tuliyomzika baba, siku ileile aliyoaga mapema pale msibani, eti awahi mjini kabla ya mvua.

Nilimpigia simu palepale.

"Mzee alikuwa anakohoa, bwana. Watu wa ushirika wa kahawa walitaka kusikia kitu safi," alisema. "Kwani kuna kilichopotea? Za zamani zipo, rudisha tu."

Rudisha tu! Kama mtu aliyehamisha sufuria jikoni kwangu.

Kweli zilikuwepo, maana hifadhi ile ya mtandaoni hutunza kila toleo la zamani. Nikazirudisha, nikakaa kumsikiliza baba na kikohozi chake. Rekodi ya mwisho tulisahau kuikata. Baba anamaliza kueleza namna ya kuanika, kisha anauliza, "Mwanangu, nimesema vizuri?" Hakuniuliza mimi, nilikuwa nimeingia ndani kumletea maji.

"Vizuri sana, tata," rafiki yangu anamjibu, akimwita baba kama nimwitavyo mimi. "Hatutabadilisha hata neno."